Kupunguza Gharama za Chakula bila Kupunguza Lishe
Somo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili katika Kensington na vitongoji jirani, Johannesburg

Utangulizi



Katika kaya nyingi chakula ndicho kitu cha kwanza kupunguzwa pale fedha zinapopungua. Kodi ya nyumba ina mwenyewe anayeidai, nauli hulipwa kabla ya safari, na umeme wa kulipia kabla hukatika uniti zinapokwisha. Sufuria peke yake haina mdai. Kwa hiyo huondolewa nyama, kisha maziwa, kisha mboga, hadi mezani hubaki ugali na mchuzi mwepesi wenye chumvi. Tumbo hujaa, lakini mwili hudhoofu, na wanaotangulia kudhoofika ni mtoto mdogo na mama mjamzito.

Ugumu huu si wa kaya moja. Shirika la Pietermaritzburg Economic Justice and Dignity Group, ambalo kila mwezi hukusanya bei za vyakula 44 vinavyonunuliwa na watu wa kipato cha chini, Johannesburg ikiwamo, lilikuta katika mwaka 2025 kwamba kikapu hicho kinazidi randi 5,000 kwa kaya ya watu wapatao saba. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Machi 1, 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa. Mtu aliyefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 21 kwa mwezi, alipata takriban randi 4,837 kabla ya makato. Mshahara mmoja wa namna hiyo haukutosha hata kikapu hicho, achilia mbali kodi na nauli.

Kuna matumizi yanayoweza kupunguzwa bila mwili kupoteza chochote, na kuna matumizi ambayo ukiyapunguza leo utayalipia kesho kwa ugonjwa. Somo hili linaeleza namna ya kuyatenganisha. Bei zilizotajwa katika mifano ni za kujifunzia hesabu tu. Mahali pake weka bei za duka unalotumia.

Baada ya kulisoma somo hili utaweza:
- kupanga manunuzi ya mwezi kwa kutumia daftari;
- kulinganisha bei kwa kilo au kwa lita;
- kuvitambua vyakula visivyotozwa kodi ya ongezeko la thamani;
- kuchagua mahali pa kununua, nauli ikiwa imehesabiwa;
- kuitambua mipaka ambayo kubana matumizi hakupaswi kuivuka.

1. Daftari kabla ya kikapu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa muda wa majuma mawili andika kila kitu cha kuliwa au kunywewa kilichonunuliwa na mtu yeyote wa nyumbani: mkate wa asubuhi, soda ya njiani, chipsi za watoto, muda wa ununuzi na bei. Usimkemee mtu na usibadili mazoea, andika tu. Mwisho wa majuma hayo gawa orodha katika mafungu matatu: chakula cha msingi, vikolezo, na vitu vya starehe.

Kaya nyingi hugundua kwamba fungu la tatu ni kubwa kuliko zilivyodhani, nalo limeundwa na fedha ndogo ndogo zinazotoka kila siku. Chovyachovya humaliza buyu la asali. Mtu anayetumia randi 18 kila siku ya kazi kwa kinywaji na pakiti ya vibanzi hutumia randi 378 kwa siku 21. Fedha hizo zingeweza kununua mayai na maharage ya kaya nzima kwa siku nyingi.

Kisha panga kwa utaratibu huu:
- Tazama kwanza kilichomo kabatini na katika jokofu, ili usinunue mara ya pili kitu ambacho tayari unacho.
- Andika milo ya juma zima, na kutokana na milo hiyo andika orodha ya kununua.
- Nunua vyakula vikavu mara moja kwa mwezi, na mboga na matunda mara moja kwa juma.
- Nenda dukani ukiwa umekula. Mwenye njaa hununua kwa macho.
- Ukienda na watoto, mpe kila mmoja kazi ya kutafuta kitu kimoja kilichomo katika orodha.

2. Linganisha bei kwa kilo, si kwa pakiti

Pakiti mbili zinaweza kuonekana sawa kwa ukubwa na kutofautiana kwa uzito. Njia ya kweli ya kulinganisha ni kugawa bei kwa kilo au kwa lita, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Mfano wa unga wa mahindi:
- Kilo 2.5 kwa randi 40 ni randi 16 kwa kilo.
- Kilo 5 kwa randi 75 ni randi 15 kwa kilo.
- Kilo 12.5 kwa randi 150 ni randi 12 kwa kilo.

Kaya inayotumia kilo 12.5 kwa mwezi, ikinunua pakiti ndogo tano, hulipa randi 200. Ikinunua mfuko mmoja mkubwa hulipa randi 150. Tofauti ya randi 50 kwa mwezi ni randi 600 kwa mwaka, na hakuna aliyekula pungufu. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, mfuko mkubwa si nafuu kila wakati. Fanya hesabu kila mara, kwa maana wakati mwingine pakiti ndogo iliyopunguzwa bei huwa rahisi zaidi. Vilevile, wahenga walisema akiba haiozi, lakini walikusudia akiba ya fedha na nafaka kavu. Nyanya huoza, mkate huota ukungu, na unga huingia fukusi. Usinunue kwa wingi kitu usichoweza kukihifadhi.

Unga wa mahindi hapa Afrika Kusini huuzwa kwa madaraja. Ule ulioandikwa "super" umekobolewa zaidi, kama sembe tuliyoizoea. Ule ulioandikwa "special" haukukobolewa sana. Aghalabu bei yake ni ndogo, nao una makapi zaidi ya kusaidia usagaji wa chakula. Tangu Oktoba 2003 sheria inawataka wasagaji waongeze vitamini, chuma na zinki katika unga wa mahindi na unga wa ngano. Kwa hiyo unga wa bei nafuu uliofungwa kiwandani na wenye alama ya kuongezwa virutubisho una faida ambayo unga wa kupimiwa kutoka gunia lisilo na jina huenda hauna.

Linganisha pia kile kitakachobaki sahanini. Kopo moja la maharage, maji yakiondolewa, huacha takriban robo kilo. Nusu kilo ya maharage makavu ikipikwa hutoa karibu kilo moja au zaidi, yaani sawa na makopo manne. Kopo likiwa randi 18, makopo manne ni randi 72. Nusu kilo kavu huenda ikawa randi 25, pamoja na umeme wa kuipikia.

Kuku wa vipande waliogandishwa wanahitaji uangalifu. Wengi wao hudungwa maji ya chumvi kiwandani. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka kikomo cha asilimia 15 kwa vipande. Pakiti ya kilo 2 yaweza basi kuwa na takriban robo kilo ya maji ya chumvi ambayo umeyalipia kwa bei ya nyama. Soma maandishi ya pakiti, linganisha na kuku mzima, na unapompika punguza chumvi.

Kuhusu majina ya bidhaa, maduka makubwa huuza vyakula vyenye nembo zao wenyewe, kama vile No Name ya Pick n Pay na Ritebrand ya Shoprite. Kwa mchele, maharage, chumvi, sukari na mafuta, mara nyingi tofauti kubwa iko katika karatasi ya nje. Jaribu kitu kimoja kila mwezi. Kama nyumbani wanakikubali, endelea nacho. Kadi za wateja za maduka hutolewa bure na hupunguza bei za baadhi ya bidhaa, lakini usinunue kitu kisichokuwamo katika orodha yako kwa sababu tu kadi inakipunguzia bei.

3. Vyakula visivyotozwa VAT

Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ni asilimia 15 tangu Aprili 1, 2018. Kodi hiyo imekwisha kujumlishwa katika bei unayoiona kwenye rafu. Kitu unachokilipia randi 115 kina kodi ya randi 15 ndani yake. Hata hivyo, serikali imeviondolea kodi hiyo vyakula kadhaa vya msingi:

- unga wa mahindi, mahindi makavu, na mahindi yaliyokobolewa na kupasuliwa ambayo hapa huitwa samp;
- mchele;
- maharage makavu, dengu na jamii nyingine ya kunde;
- mkate wa kahawia;
- unga wa ngano wa mkate na wa keki, tangu Aprili 1, 2019;
- mboga na matunda, mabichi au yaliyogandishwa bila kuongezwa kitu;
- mayai;
- maziwa, maziwa ya unga, na maziwa ya mgando ambayo hapa huitwa amasi;
- samaki wa kopo aina ya pilchards;
- mafuta ya mboga ya kupikia, isipokuwa ya zeituni.

Mkate mweupe, kuku, nyama, sukari, soda, juisi, biskuti na siagi ya karanga hutozwa kodi.

Tazama tena orodha hiyo. Ndani yake mna wanga, protini, mboga, matunda, maziwa na mafuta, yaani karibu mlo kamili. Samp na maharage si kitu kigeni kwetu. Ni makande ya Tanzania na githeri ya Kenya kwa jina jingine. Amasi ni maziwa lala. Kaya ikivifanya vyakula hivi kuwa msingi wa kikapu, na nyama ikawa nyongeza, hupunguza gharama bila kupungukiwa na lishe. Samaki wa kopo huliwa pamoja na mifupa yake laini, nayo huupa mwili madini ya kalisi. Mkate wa kahawia una makapi kuliko mweupe.

4. Mahali pa kununua

Maduka makubwa ya Kensington, Bruma na Eastgate hupunguza bei mwishoni mwa mwezi na mwanzoni mwake, wakati mishahara inapoingia. Matangazo ya bei hupatikana bure mlangoni na katika simu. Ukiweza, linganisha matangazo ya maduka mawili kabla ya kutoka nyumbani, lakini usizunguke maduka manne kwa ajili ya kuokoa randi 10.

Soko la Yeoville, katika barabara ya Rockey, lina wauzaji wengi kutoka Kongo na nchi nyingine za Afrika. Hapo utapata sombe, mihogo, ndizi za kupika na samaki wakavu. Dagaa wakavu ni protini nzuri na hawahitaji jokofu. Uliza bei ya uzito, kwa kuwa mafungu ya kupimwa kwa mkono hayalingani.

Soko kuu la mazao, Joburg Market, liko City Deep, kusini mwa katikati ya jiji. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kununua. Malipo hufanywa kwa kadi ya mnunuzi inayotolewa hapo hapo na kujazwa fedha. Soko hufunguliwa alfajiri na shughuli hupungua kabla ya adhuhuri. Mazao huuzwa kwa sanduku au kwa mfuko, kama vile viazi kilo 10.

Hapa lazima nauli ihesabiwe. Tuseme katika mfuko wa viazi, mfuko wa vitunguu na sanduku la nyanya unaokoa jumla ya randi 90 kuliko bei ya duka la jirani. Ukienda peke yako kwa gari la kukodi la randi 240, umepoteza randi 150, na nyanya nyingine zitaoza kabla hujazila. Lakini kaya sita zikikodi gari hilo pamoja, kila moja huchangia randi 40 na kubakiwa na randi 50, tena kaya mbili zinaweza kugawana sanduku moja la nyanya.

Kununua kwa pamoja si jambo geni. Pwani na bara tumekuwa na upatu, Kenya wana vyama, wenzetu wa Kongo wana likelemba, na wenyeji wa hapa wana stokvel. Kikundi cha chakula huchanga kila mwezi, hununua kwa jumla na kugawana. Si lazima kikundi kikopeshe wala kitoze riba. Hununua na kugawa tu. Masharti yake yawe wazi: daftari moja linaloonwa na wote, watu wawili wanaokwenda kununua, risiti inayosomwa mbele ya wanachama, na mgao unaofanyika siku ile ile. Fedha taslimu zisikae nyumbani kwa mtu mmoja.

Spaza, yaani duka dogo la mtaani, husaidia pale kinapopungua kitu kimoja na nauli ya kwenda mbali haifai. Lisiwe mahali pa kununulia chakula cha mwezi mzima, kwa sababu bei ya pakiti ndogo kwa kilo huwa juu. Kununua kwa mkopo ni hatari zaidi: kukopa harusi, kulipa matanga. Anayekopa chakula hushindwa kulinganisha bei, kwani hana budi kununua pale alipokopeshwa. Wakopeshaji wa mtaani waitwao mashonisa hutoza riba kubwa, na wengine huzuia kadi ya benki au kitambulisho cha mdaiwa. Kuzuia vitu hivyo ni kosa chini ya Sheria ya Mikopo ya mwaka 2005.

5. Mambo yasiyofaa kubaniwa

Maziwa ya mtoto mchanga. Usiyazimue maziwa ya kopo ili yadumu. Kijiko pungufu au maji mengi kuliko maelekezo humnyima mtoto lishe huku tumbo lake likiwa limejaa, naye hudhoofu bila kulia njaa. Usimpe badala yake chai, uji mwepesi wala krimu ya kahawa. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto hadi miezi sita, na inafaa kuendelea kumnyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Hivyo senti inayotumika kumlisha mama anayenyonyesha ndiyo senti inayomlisha mtoto. Kama maziwa ya kopo ni ya lazima na fedha hazitoshi, nenda kliniki mapema.

Protini ya watoto wadogo na ya mjamzito. Yai moja, kijiko cha maharage yaliyopondwa au dagaa waliosagwa katika uji hugharimu kidogo. Katika baadhi ya nyumba mama hula mwisho, kile kilichobaki. Mama mjamzito apakuliwe pamoja na wengine, na sahani yake isiwe na mchuzi mtupu.

Usalama wa chakula. Miaka ya 2017 na 2018 nchi hii ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa wa listeria, wagonjwa 1,060 wakaorodheshwa na 216 wakafariki. Chanzo kilitangazwa kuwa poloni, ile nyama ya kusindikwa inayoliwa bila kupikwa. Watoto wachanga na wajawazito walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Kisha Oktoba 2024 watoto sita walifariki Naledi, Soweto, kwa sumu ya wadudu iitwayo terbufos. Novemba 15, 2024 Rais Cyril Ramaphosa alilitangazia taifa kwamba tangu mwanzo wa Septemba matukio 890 ya maradhi yatokanayo na chakula yalikuwa yameripotiwa, na watoto wasiopungua 22 walikuwa wamefariki. Maduka yote ya spaza yaliagizwa kujisajili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa angalia haya:
- Maandishi "use by" ni tarehe ya usalama, ikipita, usile. Maandishi "best before" ni tarehe ya ubora. Mchele au tambi zilizopitisha tarehe hiyo kidogo, zikiwa kavu na pakiti haijafunguka, kwa kawaida hazidhuru.
- Nyama, samaki na maziwa vilivyopunguzwa bei kwa kuwa tarehe inakaribia vinunuliwe tu ikiwa utavipika au kuvigandisha siku hiyo hiyo.
- Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono lisinunuliwe kwa bei yoyote.
- Nyama iliyogandishwa ikiwa na barafu nyingi ndani ya pakiti huenda iliyeyuka na kugandishwa tena. Iache.
- Usinunue chakula kilichowekwa pamoja na sabuni, mafuta ya taa au dawa ya wadudu.
- Kwa Waislamu, alama ya halali ya SANHA, MJC au NIHT hueleza uhalali wa chakula. Haiondoi haja ya kusoma tarehe.

Usinunue kabisa dawa za panya au mende zinazouzwa barabarani katika vifuko au chupa zisizo na maandishi. Terbufos ni sumu ya mashambani, haikuruhusiwa kutumika majumbani. Kama wewe mwenyewe una duka, weka chakula mbali na sabuni na sumu, na uhifadhi risiti za wauzaji wako wa jumla.

Mtu akitapika, akitokwa na mate mengi, akipumua kwa shida au akitetemeka baada ya kula, usingoje. Piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Ushauri kuhusu sumu hutolewa saa zote kwa namba 0861 555 777. Hifadhi pakiti ya chakula kilicholiwa ili waganga waione.

Kinyume chake, jambo linaloweza kubaniwa bila hofu ni vinywaji vya sukari. Kinywaji chenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, katika chupa ya lita 2, kina gramu 200, yaani vijiko vya chai 50. Maji ya bomba ya Johannesburg yanafaa kunywewa, nayo hayana sukari. Maji yaliyokaa siku nyingi chomboni wakati wa mgao yachemshwe.

6. Kuhifadhi na kupika

Chakula kinachotupwa ni fedha zinazotupwa. Weka unga na nafaka katika vyombo vyenye vifuniko, mbali na ardhi. Viazi na vitunguu vikae mahali pakavu penye hewa, kila kimoja peke yake. Majani ya mboga yaoshwe, yakaushwe na kuviringishwa katika kitambaa ndani ya jokofu. Kilichonunuliwa mwanzo kitangulie kutumiwa.

Jokofu liwe chini ya nyuzi joto 5. Umeme ukikatika, usifungue mlango bila haja. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kinapopashwa moto kipate moto kabisa, hadi mvuke utoke katikati. Nyama mbichi isigusane na chakula kilichopikwa wala isikatwe kwa kisu kile kile kabla hakijaoshwa.

Ili kupunguza umeme, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10. Dakika hizo ni za lazima, hasa kwa maharage mekundu, kwa kuwa yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoondolewa na moto mkali. Baada ya kuchemka vizuri kwa muda wa nusu saa, funika sufuria, izungushie blanketi nene ndani ya kikapu au sanduku, uiache saa kadhaa. Joto lililomo litaendelea kuyaivisha. Kabla ya kupakua, rudisha sufuria jikoni ichemke tena.

7. Haki zako dukani

Sheria ya Kulinda Wateja, namba 68 ya mwaka 2008, humlinda mnunuzi yeyote, awe raia au mgeni. Duka lazima lionyeshe bei, wala huwajibiki kulipa zaidi ya bei iliyoonyeshwa. Zikionyeshwa bei mbili kwa kitu kimoja, utalipa ile ya chini, isipokuwa pale panapokuwa na kosa la wazi ambalo duka limelirekebisha.

Hivyo soma risiti kabla ya kutoka mlangoni. Bei ikitofautiana na ya rafu, rudi kaunta, sema kwa upole, na uonyeshe lebo ya rafu, au picha yake uliyoipiga kwa simu. Chakula kilichoharibika kabla ya tarehe yake kirudishwe pamoja na risiti.

8. Mfano wa chakula cha jioni kwa juma moja

- Jumatatu: makande ya samp na maharage, kabeji.
- Jumanne: ugali, dagaa, mchicha au spinachi.
- Jumatano: wali, dengu, kachumbari.
- Alhamisi: ugali, mayai yaliyokaangwa kwa nyanya na vitunguu.
- Ijumaa: wali, mchuzi wa kuku, karoti na boga.
- Jumamosi: viazi, samaki wa kopo, kabeji.
- Jumapili: ugali, maharage yaliyobaki, sombe au mboga ya msimu.

Asubuhi uji wa mahindi wenye maziwa au amasi hushibisha kuliko mkate mweupe na chai ya sukari. Nyama imeonekana mara moja tu katika juma hili, lakini kila siku ina protini na mboga.

Mambo ya kukumbuka

- Andika kabla ya kununua.
- Gawa bei kwa kilo.
- Jenga kikapu juu ya vyakula visivyotozwa VAT.
- Hesabu nauli, na ununue pamoja na majirani.
- Soma tarehe na risiti.
- Punguza soda, chipsi na vyakula vya starehe. Usipunguze maziwa ya mtoto, mlo wa mjamzito wala usalama.

Mtoto asipoongezeka uzito, au mguu wake ukivimba, au akiwa mchovu kila siku, mpeleke kliniki pamoja na kijitabu chake cha Road to Health. Aprili 2023 Mahakama Kuu mjini Johannesburg iliagiza kwamba wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka sita wahudumiwe bila malipo katika vituo vya afya vya umma vya Gauteng, bila kujali uraia wao.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika majuma mawili yaliyopita, ni kitu gani cha starehe kilichotugharimu zaidi?
2. Unga tunaonunua ni randi ngapi kwa kilo, na mfuko mkubwa ungekuwa randi ngapi?
3. Ni chakula gani tulichokitupa mwezi huu, na kwa nini kiliharibika?
4. Ni majirani gani watatu tunaoweza kununua nao kwa pamoja?
5. Hapa nyumbani, ni nani anayekula mwisho, na sahani yake huwa na nini?